Picha za Bustanini

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, wako jamaa zetu wa pwani walioifuata bara, na baadhi yao wakafanya maskani Bondeni. Katika masanduku ya nyumba zao mna picha zisizopigwa studio. Mpiga picha alizunguka Nyayo Gardens, kamera shingoni, akiwalenga wapita njia siku ya Idi. Akapokea kianzio, akarudi baada ya siku kadhaa na picha iliyosafishwa. Ndiyo maana mama zetu humo hawakujipanga: huyu anacheka, yule anamfuta mtoto kamasi. Sisi twazipenda kuliko za studio.

Taabu ni kwamba nyuma hazina majina. Bibi amjuaye yule wa kushoto akishatangulia mbele ya haki, hatutakuwa na wa kumwuliza. Basi naaulizwe wiki hii, na majina yaandikwe kwa penseli laini, kwani wino hupenya. Zilizo katika albamu za kurasa za gundi zitolewe taratibu. Gundi ile huila picha.

Vijana huona ni wepesi kuzirusha katika kundi la WhatsApp ili watu watambuliwe. Nia ni njema. Lakini shangazi ambaye upepo ulimvua mtandio, na mpiga picha asingoje, aliificha picha hiyo sandukuni miaka yote, hakuitundika ukutani. Akiwa hai, aulizwe mwenyewe. Akiwa ametangulia, waulizwe binti zake kabla picha haijatoka chumbani.