Asali ni ya wakubwa, mtoto mchanga bado

Wahispania wana tapas, visahani vidogo vya kuonja kabla ya mlo. Itetemia, Tabora, visahani hivyo havihitaji gharama: matobolwa yaliyokatwa vipande, karanga za kukaanga na asali kidogo ya kuchovya.

Mzazi, chambua karanga kwanza. Zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe. Sumukuvu haiishi kwa kukaanga. Aliye chini ya miaka 5 msagie, maana karanga nzima humpalia.

Ambaye hajatimiza mwaka 1 usimlambishe asali kabisa, hata akiwa na kikohozi. Inaweza kuwa na bakteria wanaotoa sumu tumboni mwake, akalegea na kushindwa kupumua. Akifikisha miezi 6, mpondee kiazi kitamu kilichochemshwa kikalainika.