Acheni Tusome Kinachotuuma

Kuna kauli inayopita Garissa, Wajir na Mandera kana kwamba ni hekima: usifukue makaburi. Utaisikia kwa wazee barazani, kwa walimu katika chumba chao, na kwa wanasiasa wanapokuja kuomba kura. Mtu akitaja kitabu kuhusu Wagalla, au akitaka wanafunzi wasome ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, jibu huwa tayari. Huambiwa kwamba watu hawa wameumia vya kutosha, wapewe vitabu vya kuwaliwaza, kwa maana vya kuwasumbua vitawachochea vijana. Wanaosema hivyo ni pamoja na watu ninaowaheshimu. Hata hivyo kauli yenyewe ni ya uongo, na imetugharimu sana.

Tulitazame hilo kaburi. Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia kutoka Wajir na vitongoji vyake, vikawazuilia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakaachwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli ilipokamilisha kazi yake, ilisema huenda walikaribia 1,000. Miaka isiyotimia minne kabla ya hapo, Novemba 1980, maafisa wa serikali waliuawa mjini Garissa na watu wenye silaha, na kisasi kikawaangukia raia: mtaa wa Bulla Karatasi ukachomwa moto, wakazi wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule.

Sasa jiulize, ni nani aliyetufundisha kunyamaza? Wasomali ni watu wanaomfunza mtoto kutaja nasaba yake babu kwa babu, na ambao mashairi yao yamehifadhi ugomvi na suluhu za karne nzima. Kusahau si mila yao. Huku kwetu ukimya ulianza kama amri, hekima ikaja baadaye. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vya Shifta, vya wapiganaji waliotaka eneo hili lijitenge na Kenya, kati ya 1963 na 1967. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, hadi mwaka 1991. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba kusema ni hatari, na sheria zile zilipoondolewa, hofu ilibaki imevaa kanzu ya busara. Anayewaambia vijana leo wasifukue makaburi anatekeleza amri ya serikali iliyokwisha kuifuta amri yenyewe.

Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha kitabu kiitwacho Blood on the Runway, kuhusu Wagalla. Ni kitabu kigumu, unakiweka chini kisha unalazimika kukirudia. Kama kauli ile ingekuwa ya kweli, tungeona moto. Kitabu kile hakikuanzisha vita vyovyote. Aprili 2011 Tume ya Ukweli ilikuja Garissa na Wajir kusikiliza watu hadharani, na wajane na manusura walijitokeza wenyewe, wakakaa mbele ya kamera na kusema. Haja yao ilikuwa ukweli uandikwe, waliopotea watambuliwe, na walipwe fidia.

Hapa nakubali jambo moja. Mjane wa Wagalla hana wajibu wa kusoma kitabu chochote kuhusu Wagalla. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyejificha kabatini katika Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa kundi la al-Shabaab walipokivamia. Hao wanajua tayari, na kama wanataka kupumzika, tuwaache wapumzike. Lakini angalia wanaokataza: mara nyingi si hao. Ni watu ambao kaburi hilo halina ndugu yao, au lina siri yao.

Kitabu kikifungwa, habari zake hazifungwi. Kijana wa mtaa wa Bulla Iftin, Garissa, atasikia habari za Wagalla hata ukimnyima kitabu. Atazisikia nusu nusu, bila tarehe, bila ushahidi, bila jina la afisa aliyetoa amri wala la Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano na Mkristo, aliyewauguza majeruhi wa Wagalla na kusaidia ulimwengu ujue. Atazisikia kwa mwenye haja naye. Baada ya shambulio la chuo kikuu, lililoua watu 148, al-Shabaab walitoa taarifa ya kujihalalisha, na ndani yake wakataja mauaji ya Wagalla na ya Garissa. Walilitumia kaburi tuliloogopa kulikaribia. Siku saba tu kabla ya shambulio hilo, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amesimama Bungeni akaomba radhi kwa maovu ya serikali zilizopita. Kijana aliyesoma ripoti angeweza kuipima ile radhi, aone inapotimiza na inapopungukiwa. Asiyesoma alikuwa na nini cha kumpinga muuaji anayedai kumlipia kisasi?

Nisitafsiriwe kwamba nawahimiza watu wa Kaskazini Mashariki wasome mateso yao peke yake. Hapana. Kwa msomaji wa Garissa, kitabu cha Wagalla huumiza, ila pia hufariji, kwa sababu kinamthibitishia kwamba alidhulumiwa. Kitabu hicho humsumbua zaidi mwalimu wa Nyeri au Kakamega, na ningependa akisome kabla hajatamka tena kwamba watu wa huku wanapenda fujo. Sisi tuna vitabu vyetu vya kutusumbua.

Chukua riwaya ya Henry ole Kulet, Blossoms of the Savannah, ambayo kwa miaka kadhaa wanafunzi wa shule za upili walilazimika kuisoma kama kitabu teule cha Kiingereza. Inahusu wasichana wa Kimaasai wanaokimbia ukeketaji na ndoa ya kulazimishwa. Ni rahisi msomaji wa huku kusema hayo ni ya Wamaasai. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika eneo letu takriban asilimia 98 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Msichana anayekisoma kitabu hicho bwenini Garissa hasomi habari za mbali. Kitabu kama hicho kinastahili kusomwa na baba yake pia.

Na yale ya 2015. Washambuliaji waliwatenga wanafunzi kwa dini. Mmoja wao alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu kutoka Mandera, kijana wetu kabisa. Ukurasa huo tunauruka haraka, tukisema wale si Waislamu, yakaisha. Hayakuisha. Tunadai Nairobi isome Wagalla hadi mwisho, basi nasi tusome majina ya wale wanafunzi hadi mwisho, tuulize kijana huyo alipitia wapi katikati yetu.

Wapo watakaosema dini inataka moyo utulie. Waislamu tunasoma kila mwaka habari za Qabil aliyemuua ndugu yake, na za ndugu zake Yusuf waliomtupa kisimani wakarudi kwa baba yao na kanzu yenye damu ya uongo. Sijasikia sheikh akiagiza sura hizo zifungwe watoto wasije wakawachukia ndugu zao. Tunawasomea wakiwa wadogo, na tunawaeleza.

Maktaba ya ngamia ilianza Garissa mwaka 1996, na tangu hapo watoto wa wafugaji wamefikishiwa vitabu kule ambako gari halifiki. Ni kazi ninayoiheshimu kwa moyo wote. Ila wale watoto wa mwanzo sasa ni watu wazima, wenye kura na wenye watoto. Nawaomba wasimamizi wa maktaba za Garissa, Wajir na Mandera waweke rafuni, mahali panapoonekana, kitabu cha S. Abdi Sheikh na juzuu zote za ripoti ya Tume. Nawaomba walimu wakuu na walimu wa madrasa wasome kwanza wenyewe, kisha wakae na vijana wasome pamoja, kurasa zinazotutetea na zinazotuaibisha. Ripoti hiyo ilikabidhiwa Rais tarehe 21 Mei 2013. Ina zaidi ya kurasa 2,000, na mengi ya mapendekezo yake hayajatekelezwa. Hatutaweza kudai utekelezaji wa kitu tunachoogopa kukifungua.