Mraibu wa Unga ni Mgonjwa Wetu, Tusimfukuze Msikitini

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, umezuka mtindo katika misikiti yetu: kijana aliyeathirika na unga akionekana penye mabomba ya udhu, hutimuliwa kabla hajatia mguu ndani. Hoja ni kuwa "mateja" huiba viatu. Naam, wapo waibao, na wizi ni haramu. Lakini tangu lini mlango wa toba ukafungwa kwa ajili ya kandambili?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kisa cha Sahaba aliyeadhibiwa mara kwa mara kwa kunywa pombe. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akashuhudia kuwa mnywaji yule anampenda Allah na Mtume wake. Ulevi haukuhalalishwa, wala mtu hakutupwa. Sisi ruhusa ya kumtupa tumeipata wapi?

Wako wasemao: akitaka ataacha, ni suala la imani tu. Hao hawaijui arosto. Heroini hubadilisha utendaji wa ubongo; mwili ukiikosa, mtu huumwa viungo, hutapika na kuharisha. Baadhi ya wazazi humfungia kijana chumbani mpaka atulie. Akitoka, mwili umepoteza uzoefu wake, na akirudia kipimo kile kile cha zamani chaweza kumkata pumzi. Ndivyo tunavyozika vijana tuliodhani tumewatibu.

Wengine hudai kuwa methadoni ni kubadilisha kileo kwa kileo. Qiyasi hii ni batili. Methadoni ni dawa ya kunywa, kwa kipimo cha daktari. Hutuliza arosto kwa takriban siku nzima bila kumlevya aliyepimiwa sawasawa, na humwepusha na sindano za kuchangia, njia ya UKIMWI na homa ya ini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Zanzibar, pale Kidongo Chekundu, mwaka 2015. Kama kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, kwa nini hii tuionee haya?

Dawa ni bure, lakini njia si bure. Mgonjwa, hasa mwanzoni, hutakiwa kufika kliniki kila siku. Anayeishi mbali, asiye na kazi, nauli ataitoa wapi? Na dada zetu wanaathirika zaidi: wengi hujificha wasijulikane, kwani aibu ya mwanamke haisameheki mitaani.

Basi tuwajibike. Khatibu aache kuwakejeli mimbarini. Kila jamaa ya msikiti itenge sadaka ya nauli na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Na viongozi wetu waidai Serikali ifikishe kliniki wilayani, na iweke saa na faragha kwa wanawake.

Atakayemfungia mlango ndugu yake leo, ajiandae kujibu kesho mbele ya Mola wake.

Wabillahi tawfiq.