Simu yako haiijui Chalbi

Najua nilinyamaza. Wengine mmeuliza kama nimeacha kuandika habari za programu. Sijaacha. Leo nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni juu ya kazi yangu mwenyewe na ya wenzangu wote tunaopata ugali wetu kwa kuandika programu.

Hoja yangu naiweka mapema, ili asiye na muda aende nayo: UKIPANGA SAFARI YA JANGWANI KWA SIMU PEKE YAKE, HUJAPANGA KITU. Na sisi waundaji wa programu ndio tunaokufanya uamini kwamba umepanga.

Sasa kisa chenyewe.

Aprili 2025 tulikuwa marafiki wanne na Prado moja la dizeli. Mpango ulikuwa hivi: tutoke Nairobi hadi Isiolo, tufuate lami ya kwenda Moyale mpaka Laisamis, tupinde kushoto kwa ile barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, tufike Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Tupande Mlima Kulal kwa miguu, tuingie Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi tutembee kwenye miti iliyogeuka mawe, kisha turudi kwa North Horr, Kalacha na Maikona hadi Marsabit. Huko Marsabit tumalizie kwa kutembea msituni.

Mnajua nilipanga safari hiyo kwa muda gani? Jioni moja, nikiwa kwenye kochi. Nilibonyeza vituo saba, programu ikachora mstari wa buluu, ikajumlisha saa, nikatuma picha ya skrini kwa wenzangu. "Mpango tayari." Wakanipongeza! Mtu wa kompyuta ameshapanga, nani abishane naye?

Kulal tulipanda salama. Ni mlima wa zaidi ya mita 2,200, chini ni mawe matupu na joto, juu ni msitu wa ukungu. Sibiloi nayo ilitupokea vizuri. Lakini asubuhi ya kuondoka North Horr tuliingia dukani kununua mkate, tukamkuta mzee mmoja Mgabra ameketi kwenye gunia la sukari. Kwa heshima nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Njia ya Maikona iko sawa?"

Mwenye duka akamtafsiria. Mzee akafikiri, akasema maneno machache. Mwenye duka akacheka kidogo: "Anasema hajui. Anasema juzi aliona mawingu upande ule. Mngoje lori la kutoka Kalacha lifike, mumuulize dereva."

Hajui. Mimi nilikuwa na simu mkononi iliyokuwa inajua: saa 2 na dakika 10. Nikamshukuru mzee, tukaondoka.

Kwa wasioifahamu, Chalbi si jangwa la matuta ya mchanga kama yale ya sinema. Ni uwanda mkubwa wa udongo na chumvi, bapa kama sakafu. Wakati wa kiangazi unaweza kuendesha gari humo kama uko uwanja wa ndege. Mvua ikinyesha, hata kama imenyesha milimani mbali nawe, maji hukusanyika hapo kwa sababu hayana pa kwenda. Juu hukauka haraka, ukaona ganda jeupe zuri. Chini ni matope.

Tulizama saa nne asubuhi. Magurudumu yote manne, hadi ekseli. Simu haikuwa na mtandao, lakini ule mstari wa buluu ulikuwepo bado, na maandishi yake yalikuwa yaleyale: endelea moja kwa moja.

Tulikuwa na lita 9 za maji. Kwa nini lita 9? Kwa sababu nilihesabu kwamba ndani ya saa mbili tungekuwa Kalacha, ambako kuna chemchemi. Kufikia jioni mwenzetu mmoja alikuwa anatapika na hajakojoa tangu asubuhi. Sitaeleza usiku ule ulivyokuwa. Kesho yake walipita vijana wawili na ngamia. Mmoja alibaki nasi, akatupa maziwa na kutukataza kutembea. Mwingine akaenda kutafuta msaada. Lori lilifika baada ya saa sita mchana. Tulikaa pale saa 27. Mwenzetu alitundikiwa maji hospitalini Marsabit, akapona. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nisingeandika haya kama lingekuwa kosa la programu moja, na ndiyo maana siitaji ile tuliyotumia. Ugonjwa ni wa zote.

Chuoni nilisoma algorithimu ya Dijkstra, yule Mholanzi aliyeichapisha mwaka 1959. Ndiyo babu wa programu zote za kutafuta njia. Wazo lake ni rahisi. Miji na njia panda ni vitone, barabara ni mistari inayoviunganisha, na kila mstari una namba: gharama yake. Programu hutafuta mistari ambayo jumla yake ni ndogo kabisa. Hesabu yenyewe haina makosa. Swali ni hili: ile namba imetoka wapi?

Kwenye Thika Road imetoka kwa maelfu ya simu zinazotuma mwendo wake kila dakika. Ndiyo maana foleni unaiona nyekundu. Chalbi hakuna mtandao, kwa hiyo hakuna simu inayotuma kitu. Basi programu hubuni: hii imeandikwa kuwa ni njia ya gari, njia za aina hii tumezipa kilomita 40 kwa saa, gawanya, onyesha. Thika Road ni kipimo na Chalbi ni kisio, lakini yote mawili huonyeshwa kwa rangi ileile ya buluu na kwa dakika zilezile. Huo ndio uongo ninaousema. Yule mzee kwenye gunia la sukari alikuwa na data bora kuliko yangu, kwa sababu alijua mpaka wa anachokijua. Programu yangu haikuwa na neno "sijui".

Msidhani ni mambo ya Kenya tu. Agosti 2009, katika Mbuga ya Kitaifa ya Death Valley huko California, mama mmoja aliyekuwa akifuata kifaa cha GPS alizamisha gari mchangani akiwa na mwanawe wa miaka 6. Walipatikana baada ya siku tano. Mama alikuwa hai, mtoto alikuwa amekufa. Askari wa mbuga ile wana jina la ajali za namna hiyo: kifo cha GPS. Desemba 2012 polisi wa Victoria, Australia, waliwaonya madereva wasitumie ramani za Apple kwenda Mildura, kwa sababu ziliuweka mji huo ndani ya mbuga ya Murray-Sunset, kama kilomita 70 kutoka mahali ulipo, penye joto la hadi nyuzi 46 na pasipo maji. Na Novemba 2023, dhoruba ya vumbi ilipoziba barabara kuu ya kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles, Google Maps iliwaelekeza madereva kwenye njia za vumbi jangwani. Kampuni iliomba radhi baadaye. Nchi zote hizo zina barabara bora kuliko zetu na ramani bora kuliko zetu.

Najua mtakachosema. Nimeshasikia yote.

"Si ungepakua ramani mapema?" Nilipakua! GPS haihitaji intaneti, simu hupokea ishara za setilaiti popote penye anga wazi. Nilijua nilipo kwa usahihi wa mita chache. Nilikuwa nimezama, na najua hasa nimezama wapi. Ramani iliyopakuliwa haijui kama juzi mvua ilinyesha.

"Siku hizi kuna Starlink." Kweli, imekuwepo Kenya tangu Julai 2023, na kama unaimudu ibebe. Itakusaidia kuita msaada. Lakini haitaongeza hata kikombe kimoja kwenye lita zako 9, na lori litachukua saa zilezile kukufikia.

"Hata wenyeji hukosea." Hukosea, ndiyo. Ndiyo maana huulizwi mmoja bali watatu, na unauliza la maana. Usiulize "Njia iko sawa?" maana mtu mpole atakujibu iko sawa. Uliza: nani amepita mwisho, lini, na kwa gari gani?

Basi safari hupangwaje? Mimi sasa naanza na daftari. Simu huja mwisho.

1. MAJI. Mbuga za majangwa za Marekani huwashauri wageni wabebe angalau galoni moja, karibu lita 4, kwa kila mtu kila siku. Watu 4 kwa siku 6 ni lita 96. Ongeza siku 2 za kukwama, ni lita 128. Hayo ni ya kunywa tu, rejeta ina yake. Na yagawe katika mitungi kadhaa, mmoja ukipasuka usipoteze yote.

2. MAFUTA. Prado letu huenda kilomita 9 kwa lita kwenye lami. Kwenye mchanga na mawe nilipima: kilomita 5. Mzunguko wa kilomita 600 nje ya lami unataka lita 120. Ukipiga hesabu ya lami utabeba lita 67. Zile 53 zinazopungua ni kilomita 265. Utazitembea?

3. KUTEMBEA. Kupanda mlima kuanze kabla jua halijachomoza na kuishe kabla ya saa nne asubuhi au kuanze tena saa kumi jioni. Sibiloi ina simba, na ziwani kuna mamba, kwa hiyo utatembea na askari wa mbuga, si na programu. Na karibu na Loiyangalani upepo si mzaha. Mitambo 365 ya kuzalisha umeme haikusimikwa hapo kwa bahati. Hema lako lifunge kwa mawe.

4. SAA YA KURUDI. Kabla ya kuwasha gari mkubaliane: ikifika saa fulani hatujafika mahali fulani, tunageuka. Mwachie mtu wa Nairobi karatasi yenye njia, majina na siku ambayo mkiwa kimya aanze kupiga simu.

5. MAGARI MAWILI. Kama huna la pili, subiri mwenye nalo.

Baada ya hayo yote washa simu. Itakuonyesha ulipo, na kazi hiyo inaiweza vizuri sana.

Sasa naongea na nyinyi wenzangu mnaoandika programu. Sisemi ramani za kompyuta ni mbaya. Nimechangia OpenStreetMap tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na vijana wa Kibera walituonyesha mwaka 2009, kwa mradi wa Map Kibera, kwamba mtaa ambao ulikuwa pengo tupu kwenye ramani unaweza kuchorwa na wanaoukaa. Ninachodai ni adabu ndogo. Njia ambayo hakuna aliyethibitisha kuipita mwaka huu, ichoreni kwa vitone vitone. Mahali pa "saa 2 na dakika 10" andikeni "kati ya saa 2 na siku 2, uliza wenyeji". Onyesheni tarehe ya taarifa ya mwisho. Hakuna hesabu ngumu hapo, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kwa wiki moja. Hatuiandiki kwa sababu mstari wenye shaka haupendezi kwenye skrini, na tunaogopa mteja ataona programu yetu haijui. Mtu anayekata kiu Chalbi hana haja na skrini ya kupendeza.

Mimi nimeanza. Kwenye kile kiprogramu changu cha ramani nimeongeza sehemu moja tu: tarehe, na jina la aliyepita. Kama hakuna, kinaandika "SIJUI" kwa herufi kubwa nyekundu. Kaskazini yote sasa hivi ni nyekundu tupu, inatisha kuitazama. Lakini ndiyo hali halisi.

Kama umepita Laisamis, North Horr, Kalacha au Maikona hivi karibuni, niandikie siku uliyopita na gari ulilotumia. Kama hukuweza kupita, niandikie hilo kwanza.