Kuacha Kuuma Si Kupona

Wasee wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hii ni yenu. Mtu anateguka kifundo cha mguu Jumapili uwanjani, anakandwa na maji ya chumvi, Jumapili ijayo yuko ndani tena. Ukimuuliza: "Niko fiti, hauumi." Sawa, lakini umepima?

Huko Marekani, watu wa chuo cha MIT walitengeneza roboti ya kifundo, Anklebot, kusaidia waliopata kiharusi watembee vizuri tena. Wengi wakiona roboti wanafikiria mota tu. Mimi naona utamu wake uko kwa kupima: kifundo kimekunja nyuzi ngapi, kimesukuma kwa nguvu gani, ni kigumu kiasi gani. Lakini kuna mtego. Roboti ikikusukuma, mguu unafika mbali hata kama wewe hujafanya kitu. Ndio maana lazima utenganishe pale mguu umefika wenyewe na pale umefikishwa.

Sasa huo mtego si tunao hata mtaani? Mzee anakukanda, anaukunja mguu, anasema "ushafunguka". Bro, umefunguliwa. Wewe hujafungua.

Roboti hatuna, ukuta tunao. Vua viatu, elekeza mguu ukutani, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka mwisho wako. Pima kwa rula kutoka kidole gumba hadi ukutani, kisha fanya mguu wa pili. Sentimita 1 ni kama nyuzi 3.6. Tofauti ikizidi sentimita 2, bado hujarudi. Halafu simama mguu mmoja, nyanyua kisigino, hesabu mara ngapi, linganisha.

Na usidhani ni mambo ya mpira tu. Mtu wa boda anakanyaga breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, gia kwa wa kushoto. Kifundo kigumu ni breki iliyochelewa, na nyuma amepakia mama na mtoto. Feri ya Likoni nayo, maji yakipwa, ule mlima na umati nyuma yako hauulizi kama ulikandwa.

Makocha wa mtaa, andikeni namba kabla hamjampanga mtu. Na kama umeumia sai na huwezi kupiga hata hatua 4, achana na ukuta, nenda eksirei kwanza.

Kushoto ngapi, kulia ngapi? Ukisema "niko fiti tu", hujanijibu.