Kutetemeka kwa Mzee si Uchawi, Wala si Ulevi

Ipo kasumba iliyokaa vichwani mwa baadhi yetu tuliosoma, nayo ni kudhani kwamba ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa wa Wazungu. Mwananchi wa kijijini, husema wenye kasumba hiyo, ana malaria na kuhara vya kumtosha. Ya nini kumwongezea mengine? Hoja hiyo ni ya uvivu na hatuna budi kuipinga.

Ushahidi uko hapa hapa nchini. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa wakazi wapatao 161,000, waliwakuta wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Atasema mtu kwamba idadi hiyo ni ndogo. Lakini zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wanaugua nini. Na Hai si mahali pa mbali na hospitali. Iko jirani na Moshi, penye hospitali kubwa ya rufaa.

Ugonjwa huu hutokea pale chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinapokufa pole pole. Mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, miguu huburutwa, sauti hufifia, na uso hukosa tabasamu hata moyo unapofurahi. Mwandiko nao husinyaa. Walimu na walizingatie hili la mwandiko. Mwenzao ambaye maandishi yake ubaoni yanazidi kuwa madogo, ambaye hufika kipindini amechelewa kwa kuwa vifungo vya shati vimemshinda, huenda anaandikiwa barua za onyo kwa uzembe, au ananong'onezewa kuwa ni mlevi, kumbe ni mgonjwa. Karani ofisini ni hali kadhalika.

Kijijini mambo ni mazito zaidi. Katika nchi ambamo vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, bibi mwenye uso usiocheka na mikono isiyotulia analalaje kwa amani?

Sasa elimu iko wapi? Vijitabu vya kumwongoza mgonjwa vimejaa Uingereza na Marekani, kwa Kiingereza, vikimshauri mtu mwenye daktari bingwa na duka la dawa mtaani kwake. Havimfai mkulima wa Hai. Wala hatuna udhuru wa kusema hatujui kufundisha umma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi. Wakasikiliza redio, wakasoma kitabu chao cha Kiswahili, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wananchi waliopewa mafunzo mafupi.

Ya kuandikwa hayahitaji ubingwa: kwamba ugonjwa huu hauambukizi, kwamba haujapata tiba ya kuuondoa, lakini levodopa, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humrudishia mgonjwa sehemu kubwa ya uwezo wake, kwamba dawa hiyo humezwa kwa saa maalumu wala haikatizwi ghafla, kwamba mazoezi ya viungo husaidia. (Na kwa kuwa wapo watakaouliza, ni kweli mbegu za upupu zina levodopa, lakini asiyejua kipimo asithubutu kumpikia mgonjwa.) Dawa yenyewe nayo lazima ipatikane. Kumwelimisha mzee kisha akakuta rafu tupu ni kumdhihaki.

Tarehe 11 Aprili ya kila mwaka ni siku ya ugonjwa huu duniani. Wenye dhamana ya afya na wenye dhamana ya elimu ya watu wazima watuambie, kabla ya tarehe hiyo kufika tena, kijitabu cha Kiswahili kitaandikwa na nani, na zahanati zipi zitakipokea kwanza.