Kile Kitufe cha Gari Linaloteleza: Ukiingia Kitui na Makueni, Zima Kiasi Gani?

Wasee, mvua ya vuli ikishika Ukambani kuna sinema moja hurudiwa kila Desemba. Ndai ndogo imetoka Nairobi imejaa unga, soda na watoto. Imeteleza poa Mombasa Road mpaka Kibwezi, ikakata kushoto kuelekea Mutomo na Kitui, na lami bado ni tamu. Halafu inaacha lami kuenda kwa susu, kilomita chache tu. Mbele kuna mto mkavu. Ikifika katikati ya mchanga, injini inanyamaza kama imetukanwa. Dere anakanyaga mafuta mpaka chini, hakuna kitu. Kwa dashibodi kuna taa ya njano inapepesa: kigari kidogo na alama za tairi zilizopinda nyuma yake. Vijana wanne wanatoka kwa kivuli cha mwembe na kuuliza, “Uko na ngapi tukusukume?”

Hapo ndipo mjuaji wa kiti cha nyuma husema, “Si uzime traksheni kontroli!” Na mjuaji mwingine, mwenye ameona video mbili, anaongeza, “Hicho kitufe hakizimi kabisa. Chomoa fyuzi.”

Mmoja wa hawa wawili anaweza kukutoa kwa mchanga. Mwingine anaweza kukupeleka hosi.

Kwanza uelewe kwa nini stori hii inakuwa kubwa saa hii. Kenya hairuhusu mtumba uliopita miaka 8. Japan, penye magari yetu mengi yanatoka, ililazimisha modeli mpya za magari ya kawaida ziwe na mfumo wa kuzuia kuteleza kuanzia Oktoba 2012, na modeli zilizokuwa tayari sokoni zikafuata Oktoba 2014. Vile vigari vidogo kabisa vya cc 660 vilipewa muda zaidi. Piga hesabu. Vitz, Demio, Note, Fit ama Swift inayoshuka meli Mombasa leo iko na hii kitu ndani, upende usipende. Corolla ya buda ya miaka ya tisini haikuwa nayo. Ndio maana mzee anakushangaa: yeye alikuwa anapita huo mto na gari lenye mlango umefungwa na kamba, na wewe na mashine yako mpya uko hapo unapiga simu.

Mzee hana makosa. Gari dogo la kuvutwa na tairi za mbele huwa na difu ya kawaida, na difu ya kawaida iko na tabia moja mbaya, inapeleka nguvu penye kuna kazi rahisi. Tairi moja ikikanyaga mchanga laini inazunguka bure, na mwenzake aliye kwa udongo mgumu analala. Traksheni kontroli inasoma sensa ya kila tairi. Ikiona moja imekimbia kuliko zingine inafanya mambo mawili. Inashika breki ya hiyo tairi peke yake, ndio nguvu ihamie upande wa pili. Pia inapunguza nguvu ya injini, hata kama mguu wako umezama kwa mafuta.

Hilo la kwanza ni beshte yako. La pili ndilo linakuzika kwa mchanga. Kompyuta ilifunzwa barabara ya lami yenye maji ama theluji, mahali ambapo tairi kuzunguka bure ni hatari tupu. Hakuna mtu aliiambia kuhusu Mto Thua.

Na Kitui ni mchanga, wasee. Tiva, Thua, Enziu, hii mito hukauka sehemu kubwa ya mwaka na kubaki vitanda vya mchanga. Usiudharau huo mchanga. Ndio unaficha maji chini yake, ndio maana utaona wamama wakichota ndani ya mto ambao wewe unauona umekufa, na ndio maana Wakamba wamejenga mabwawa ya mchanga miaka mingi. Pia ndio uliokuwa unabebwa na malori kuja kusimamisha maghorofa ya Nairobi, mpaka Makueni ikatunga sheria yake ya kuulinda mwaka 2015. Kwa dere, mchanga huo unataka kitu kimoja: mwendo usiokatika. Ukipunguza mwendo katikati, tairi zinachimba, tumbo la gari linakaa chini, na mchezo umeisha. Gari dogo liko na kama sentimita 14 ama 15 tu kutoka chini. Kwa hivyo kompyuta ikikata nguvu mita kumi ndani ya mchanga, imekusaidia kukwama kwa adabu.

Hapo, kuzima ni sawa kabisa. Hata vitabu vya hao watengenezaji vinasema hivyo: ukikwama kwa matope, mchanga ama theluji, bonyeza ndio gari lipate nguvu ya kujinasua. Shida ni hiyo neno “kabisa”.

Toyota nyingi ziko na kitufe chenye ngazi mbili. Bonyeza na kuachilia, umezima traksheni peke yake, na mwendo ukipanda inarudi yenyewe. Gari likiwa limesimama, shikilia zaidi ya sekunde 3, umezima mpaka ule mfumo wa kushika gari likianza kupepesuka kwa kona, na huo hautarudi hata ukifika 120. Utarudi tu ukizima injini na kuwasha tena, ama ubonyeze tena. Nissan nayo hata ukizima bado hushika breki ya tairi inayozunguka bure, taa inapepesa, na watu wanalia eti kitufe ni feki. Si feki. Hiyo ndiyo ile nusu ya kukusaidia imebaki kazini, shukuru. Honda pia haikuachii kila kitu. Prius nyingi hata kitufe hazina. Kuna mpangilio wa kukanyaga mafuta na kusukuma gia ambao mafundi hutumia gari likiwa kwa mashine ya kupima, na kuna wasee wameugeuza kuwa siri ya mtaa. Huo ni wa gereji.

Sasa tuje kwa fyuzi, juu hii ndiyo inauza video. Ni kweli ukichomoa fyuzi ya ABS, ama uchomoe waya wa sensa ya tairi moja, traksheni inakufa yote. Lakini hiyo mifumo inaishi nyumba moja na inakula sufuria moja. Traksheni ikienda, inaenda na ABS, inaenda na ile ya kushika kona, na kwa magari mengi inaenda na ile inayogawa breki kati ya mbele na nyuma. Hiyo ya mwisho watu hawaijui, na ndiyo mbaya zaidi. Bila hiyo, ukipiga breki ya nguvu tairi za nyuma zinaweza kushika kabla ya za mbele, na gari linageuka kukuangalia. Dashibodi nayo inawaka kama mti wa Krismasi, kwa hivyo siku breki ikiwa na shida ya ukweli hutajua. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inataka gari na vifaa vyake vitunzwe visilete hatari kwa barabara. Jaribu kumweleza karao Makindu kwamba fyuzi iko kwa mfuko wa jinsi.

Halafu uangalie hesabu ya mchanga yenyewe. Ukichomoa fyuzi umepoteza ile breki ya tairi moja, beshte wako wa kwanza. Umerudi kwa difu tupu: tairi moja inachimba shimo, ingine imelala. Mwenye alibonyeza kitufe tu anaweza kutoka, na wewe mwenye umezima “kabisa” bado unatafuta mawe ya kuweka chini ya tairi.

Makueni ya milimani ni mambo mengine kabisa. Panda Nunguni, Kilungu ama Mbooni asubuhi baada ya mvua. Udongo mwekundu umekuwa sabuni, barabara imeinama, bonde liko upande mmoja na shamba la mtu upande mwingine. Hapa usizime kitu. Kupanda, acha kompyuta ikugawie nguvu polepole. Kuteremka, maisha yako yako mikononi mwa ABS na gia ya chini. Kuna wakati mmoja tu wa kubonyeza, pale umesimama kwa mlima, matope yamejaa kwa meno ya tairi, na unahitaji zizunguke kidogo ziyarushe. Bonyeza mara moja, usishikilie. Na kama mlima umekataa, jaribu kupanda na rivasi. Gari la kuvutwa mbele likipanda kawaida uzito unakimbilia nyuma na tairi za kazi zinabaki nyepesi. Ukiligeuza, uzito unakaa juu ya tairi zenye nguvu. Watu watacheka, lakini utafika.

Kuna mbogi ingine haina shida na mchanga wala matope. Wanataka kuzima ndio wazungushe ndai kwa ile lami ya Kibwezi hadi Kitui, usiku, simu mkononi. Tuambiane ukweli: Demio ya tairi za mbele haidrifti. Ikiteleza inaenda moja kwa moja mpaka kwa mtaro, na hapo katikati kuna punda na mbuzi wa mtu. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza ajali kwa niaba ya kampuni za bima, ilipata kwamba mfumo wa kushika gari likipepesuka hupunguza karibu nusu ya hatari ya ajali za kuua za gari moja peke yake. Gari moja peke yake, hiyo ni wewe na kona. Wewe ndio unazima hiyo nusu ndio upate likes.

Lakini kile kinanitia baridi zaidi si kona, ni maji. Mchanga uliokuwa umekauka saa nane unaweza kuwa mto saa kumi, na mvua haikunyesha hapo ulipo, ilinyesha huko milimani. Desemba 4, 2021, basi lilijaribu kuvuka Enziu huko Mwingi maji yakiwa juu ya daraja. Ndani kulikuwa na wanakwaya wakienda harusi. Zaidi ya watu 30 walikufa, mbele ya watu waliosimama ukingoni wakiangalia. Aprili 2024, Makueni, lori lililobeba watu likapinduliwa na mafuriko na video ikazunguka nchi nzima. Hayo ni basi na lori. Gari dogo linaanza kuelea maji yakifika kama sentimita 30, na tairi ikielea hakuna kompyuta, kitufe wala fyuzi ina kazi tena. Mtu akikwambia “zima traksheni tukate hayo maji,” shuka.

Kabla ya kubonyeza chochote, kuna kitu cha bei rahisi kinachofanya kazi kuliko kitufe: upepo wa tairi. Kwa mchanga, toa kutoka 33 hivi mpaka kama 20, tairi inalala pana na kuacha kuchimba. Hakikisha uko na pampu ndogo ya kuchomeka kwa gari, juu ukirudi kwa lami na hiyo 20 ukimbie, tairi itapata joto na kupasuka. Na kama ndai yako ni ya gia za CVT, usiisage dakika kumi kwa mchanga. Inapata moto haraka, na kuirekebisha si doo ya mchezo. Sukuma mara mbili, haijatoka, chimba na mikono.

Sasa swali ambalo mjuaji wa kiti cha nyuma hajauliza: kwa nini Vitz iko ndani ya mto, mara ya kwanza? Kila lita ya mafuta unalipa shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Ilikuwa 18 mpaka Julai 2024. Ukijaza lita 40 kuenda ocha, umeacha 1,000 hapo. Shilingi 7 kwa kila lita zimeshawekwa rehani kulipa makandarasi wanaodai serikali, na magavana na wabunge wamepelekana mpaka kortini juu ya bilioni 10.5 za ushuru huo huo, nani azishike. Wakivutana, barabara ya kwa susu haina mwenyewe. Kaunti inasema ni ya KeRRA, KeRRA inasema ni ya kaunti.

Na kinachohitajika hapo mara nyingi si hata daraja. Ni ile sakafu ya zege inayolazwa juu ya mchanga kutoka ukingo hadi ukingo, maji yakiisha unapita. Makueni iko na mikutano ya bajeti inayoshuka mpaka kijijini, na Kitui pia lazima iwaulize watu kabla ya kupitisha ya kwake. Wazee huenda kukaa hapo. Vijana wenye ndai tuko Nairobi tunatafuta kwa YouTube fyuzi iko wapi. Ukimpigia mathee wikendi, muulize mkutano wa wodi ni lini, na jina la hiyo sakafu utakayoitisha ni drifti. Ndio, drifti. Hiyo ya zege.